Deni Halilipwi kwa Sadaka

Maneno yaliyosemwa mbele ya jamaa baada ya Sala ya Alasiri, yakaandikwa upya kwa ajili ya wasomaji wa gazeti letu.



Tumeombwa tuseme machache juu ya wajibu wa makampuni ya biashara ya kimataifa kwa watu wanaoyafanyia kazi, na kwa ardhi na maji yanayotumiwa na biashara hiyo. Yawezekana wapo miongoni mwenu wanaojiuliza jambo hili latuhusu nini sisi, ambao wengi wetu tuna duka moja, au mashine moja ya kushonea, au hatuna hata hiyo. Kwa sababu hiyo tutaanza na jambo lililotokea hapa hapa, na ambalo baadhi yenu mlilishuhudia.

Tulipokuwa tukipandisha ukuta wa madrasa, fundi mmoja alianguka kutoka jukwaani akavunjika mguu. Ubao aliokuwa ameukanyaga ulikuwa umeoza. Ubao ule tuliutoa sisi wenyewe, watu wa kamati, kutoka stoo, kwa nia njema ya kupunguza gharama za jamaa. Ijumaa iliyofuata lilitolewa tangazo, nanyi mkatoa, Mwenyezi Mungu awalipe, zikapatikana fedha za hospitali na za matumizi ya nyumbani kwake kwa muda wa miezi miwili. Tulikwenda watu watatu kumpelekea, nyuso zetu zikiwa zimenawiri kama nyuso za watu wanaojua kuwa wametenda wema. Fundi alizipokea, akashukuru, kisha akasema: “Maalim, mniwie radhi. Hizi mmenipa kwa kuwa mmenihurumia, au kwa kuwa ni haki yangu? Nauliza kwa sababu mguu huu hautapona kwa miezi miwili, na huruma ya watu ina mwisho wake.”

Katika sisi watatu hapakuwa na aliyemjibu. Tulimwombea dua, tukaondoka. Lakini swali lile lilitufuata njia nzima, na tangu siku hiyo kila tunaposikia makampuni yakitangaza wema wao kwa jamii, twamkumbuka fundi yule amekaa kitandani na mguu wake umefungwa. Kwani swali lake ndilo lililoulizwa, kwa watu maelfu, katika nchi ya Bangladesh.

Ndugu zetu, huko Savar, karibu na mji wa Dhaka, palikuwa na jengo la ghorofa nane lililoitwa Rana Plaza. Chini palikuwa na maduka na benki. Juu palikuwa na viwanda vitano vya nguo, ambavyo vilishona mashati, suruali na nguo za watoto kwa ajili ya makampuni ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Ghorofa za juu zilikuwa zimeongezwa bila ya ruhusa halali, na huko ziliwekwa jenereta nzito ambazo, zinapowashwa, hulitikisa jengo zima. Siku ya Jumanne, tarehe 23 Aprili 2013, zilionekana nyufa kubwa katika nguzo na kuta. Mhandisi aliyeitwa alisema jengo si salama, na watu wote wakatolewa.

Kesho yake asubuhi benki haikufunguliwa, na maduka yakabaki yamefungwa. Lakini wafanyakazi wa viwanda waliamriwa warudi. Wapo waliokataa pale mlangoni, wakatishwa kwamba watapoteza mshahara wao wa mwezi. Mshahara wa chini wa kazi hiyo wakati ule ulikuwa taka 3,000 kwa mwezi, yaani kiasi cha dola 38 za Marekani. Mtu ambaye mshahara wake ni huo, na kodi ya chumba inamngoja, hana nafasi ya kubishana. Wakapanda ngazi. Kabla ya saa tatu ya asubuhi umeme ulikatika, jenereta zikawashwa, na baada ya muda mfupi jengo lote likaanguka. Waliokufa ni watu 1,134. Waliojeruhiwa ni kiasi cha 2,500, na miongoni mwao wamo waliokatwa mikono au miguu chini ya kifusi ili waweze kutolewa wakiwa hai. Wengi wao walikuwa wanawake, na wengi walikuwa vijana.

Twaomba mlitafakari jambo moja katika habari hii. Ufa ni mmoja, na jengo ni moja. Watu wa benki waliuona wakakaa nyumbani. Washonaji waliuona wakaingia ndani. Hawakuzidiwa elimu na watu wa benki, wala ujasiri. Kilichowatenganisha ni kwamba wafanyakazi wa benki walikuwa na mwajiri aliyetambua kuwa maisha yao yako katika dhima yake, na washonaji hawakuwa na mtu wa namna hiyo. Mwenye kiwanda alikuwa na tarehe ya kupeleka mzigo. Mnunuzi wa Ulaya alikuwa mbali, na alipoulizwa alisema kwamba watu wale si wafanyakazi wake.

Wala msidhani kwamba makampuni yale hayakuwa na maandishi yoyote juu ya wajibu wao. Yalikuwa nayo mengi, tena yaliyochapwa kwa karatasi nzuri. Tangu miaka ya 1990, baada ya habari za watoto kushona mipira na nguo kuenea duniani, takriban kila kampuni kubwa ilijitungia kanuni za maadili, ikaajiri wakaguzi, ikatoa taarifa kila mwaka juu ya wema wake kwa watu na mazingira. Viwanda viwili kati ya vile vitano vya Rana Plaza vilikuwa vimekaguliwa chini ya mpango mmoja wa wafanyabiashara wa Ulaya. Baada ya msiba ilielezwa kwamba ukaguzi ule haukuhusu uimara wa jengo. Yaani mkaguzi aliingia, akaandika alichotumwa kuandika, akatoka, na nguzo hazikuwa katika orodha yake.

Na kabla ya hapo, tarehe 11 Septemba 2012, kiwanda cha Ali Enterprises mjini Karachi, Pakistan, kiliungua na kuua watu zaidi ya 250. Kiwanda hicho kilikuwa kimepewa cheti cha kimataifa cha kutendea wafanyakazi haki wiki chache tu kabla ya moto. Ni kweli kwamba mwaka 2020 mahakama ya Pakistan iliamua kuwa moto ule ulitiwa makusudi na wahalifu waliokuwa wakidai fedha, na haki yataka tulitaje hilo. Lakini mtia moto siye aliyefunga milango ya kutokea, wala siye aliyeweka nondo madirishani. Hayo yalikuwapo siku mkaguzi alipotoa cheti. Mwezi Novemba mwaka huo huo kiwanda cha Tazreen, huko huko Bangladesh, kiliungua pia, wakafa watu wasiopungua 112.

Basi tatizo halikuwa upungufu wa ahadi. Ahadi zilikuwa tele. Tatizo ni kwamba aliyetoa ahadi ndiye aliyeitafsiri, ndiye aliyemlipa mtu wa kuipima, na ikivunjwa ndiye aliyejihukumu. Mwenye haki, ambaye ni mshonaji, hakuwa na nakala yake.

Hapa, ndugu zetu, sisi Waislamu tuna jambo la kusema, nalo si geni kwenu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ambayo imo katika Sura ya Al-Baqara, haisemi juu ya Sala wala juu ya Saumu. Yasema juu ya deni. Humo twaamrishwa kuliandika deni, liwe dogo au kubwa, na wala tusichoke kuliandika, awepo mwandishi mwadilifu, wawepo mashahidi, na anayetamka yaandikwe nini ni yule mwenye kudaiwa, ili maandishi yawe ni kukiri kwake mwenyewe. Jambo linalotushangaza kila tunapoisoma aya hiyo ni kwamba wanaoambiwa hayo ni waumini. Watu wa Madina, ambao imani yao hatuwezi kuifikia, hawakuambiwa waaminiane tu kwa kuwa ni watu wema. Waliambiwa waandike. Basi ikiwa wema wa Masahaba haukuachwa bila ya maandishi na mashahidi, kwa hoja gani wema wa makampuni ya London au New York uachwe uwe ni hiari yao?

Baada ya Rana Plaza kuanguka, jambo hilo hasa ndilo lililotendeka, ingawa waliolitenda hawakulichukua kwetu. Mwezi wa Mei 2013 vyama vya wafanyakazi vya kimataifa na vya Bangladesh vilitiliana saini na makampuni ya nguo mkataba wa usalama wa moto na majengo, unaojulikana kwa jina la Accord. Makampuni yaliyoingia yalizidi 200, na viwanda vilivyohusika vilizidi 1,600. Mkataba huo ulitofautiana na kanuni zote za nyuma kwa kuwa ulikuwa na nguvu ya sheria. Uliongozwa kwa idadi sawa ya wawakilishi wa makampuni na wa wafanyakazi, chini ya uenyekiti wa Shirika la Kazi Duniani. Ripoti za wakaguzi zilitangazwa wazi. Mfanyakazi aliyeona hatari alikuwa na haki ya kukataa kuingia. Na kampuni iliyovunja neno lake iliweza kupelekwa kwa wasuluhishi.

Ilipofika Septemba 2014 wahandisi walikuwa wamemaliza ukaguzi wa kwanza wa viwanda 1,106, na walichokiona ni zaidi ya kasoro 80,000. Tafadhalini, iwekeni hesabu hiyo vichwani mwenu. Kasoro elfu themanini, katika viwanda ambavyo vingi vyake vilikwisha kukaguliwa mara nyingi na kupewa vyeti. Mwaka 2016 vyama vya wafanyakazi viliyashtaki makampuni mawili mbele ya wasuluhishi chini ya Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi iliyoko The Hague, kwa kuchelewa kuvirekebisha viwanda vyao. Kesi zote mbili zilimalizika kwa mapatano, na katika ile ya pili, mwezi Januari 2018, kampuni ilikubali kutoa zaidi ya dola milioni mbili. Majina ya makampuni hayo yamefichwa mpaka leo. Sisi hatupendezwi na kuficha huko. Hata hivyo hatuwezi kukana kwamba pale mdai na mdaiwa walisimama mbele ya msuluhishi mmoja, na karatasi moja ikiwa mezani.

Sasa tuwageukie wale walioumia, maana hapo ndipo swali la fundi wetu linapoingia. Makampuni yaliyonunua nguo kutoka Rana Plaza hayakulipa fidia kwa maana ya deni. Uliundwa mfuko, ukisimamiwa na Shirika la Kazi Duniani, na kila kampuni ikakaribishwa kutoa “mchango” kwa kadiri ipendavyo, bila ya kukiri kosa lolote. Fedha zilizohitajika ni dola milioni 30. Zilitimia mwezi wa Juni 2015, miaka miwili na zaidi baada ya msiba. Miaka miwili yote hiyo mjane alingoja, na asiye na mkono alingoja, mpaka matajiri wafikiriane nani atangulie kuwa mkarimu. Kampuni moja mashuhuri ya Italia ilianza kwa kukana kwamba ilikuwa na kazi katika jengo lile. Picha za nguo zenye lebo yake zilipoonyeshwa kwenye kifusi, ikakiri, na mchango wake ulitoka mwaka 2015.

Fikirini, ndugu zetu. Mtu akikudai, nawe ukachukua fedha zile zile unazodaiwa ukamgawia mbele ya watu ukiziita sadaka, umefanya mambo mawili. Deni hukulilipa kama deni, na mwenye haki umemfanya mwombaji. Wanazuoni wetu wametufunza kuwa hata maiti, mirathi yake haigawiwi mpaka deni litolewe kwanza. Inakuwaje basi tajiri aliye hai aruhusiwe kutanguliza takrima na kuchelewesha deni? Tunaona kwenye taarifa za makampuni picha za shule yaliyojenga na miti yaliyopanda. Hatuichukii shule, wala hatuuchukii mti. Twauliza tu kama mshahara umetoka.

Na kwa kuwa tumetaja miti, tutaje na maji. Kwa miaka mingi viwanda vya ngozi vya mji wa Dhaka vilikuwa katika mtaa wa Hazaribagh, vikimwaga kromiamu na uchafu mwingine katika mto Buriganga, mpaka maji yake yakawa meusi. Mwaka 2017, kwa amri ya mahakama, vilikatiwa umeme na gesi, vikalazimika kuhamia huko huko Savar, kando ya mto Dhaleshwari. Mtambo wa kusafishia maji machafu uliojengwa huko haukutosha, na uharibifu ukahamia mto wa pili. Na wakati ambapo ngozi huwa nyingi kupita kiasi, mtambo ukalemewa zaidi, ni baada ya Idi ya Kuchinja. Hatusemi hivyo ili kuikosoa ibada, Mwenyezi Mungu atuepushe. Tunasema ili mtu asijifiche nyuma ya neno “wazungu”. Bangladesh ni nchi ambayo walio wengi ni Waislamu. Ngozi ile imetoka katika sadaka ya Muislamu, na mvuvi wa Dhaleshwari ambaye hapati samaki ni Muislamu. Katikati yao yupo mwenye kiwanda, na mbele yao yupo mnunuzi wa viatu wa ng'ambo.

Wapo watakaosema kwamba sasa mambo yametengenea. Majengo, naam, yametengenea kwa kiasi kikubwa, na mkataba ule umerithiwa na mwingine wa mwaka 2021, ambao umeenezwa hadi Pakistan. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2017, Ujerumani ikafuata kwa sheria iliyoanza kufanya kazi mwaka 2023, na Umoja wa Ulaya ukapitisha yake mwaka 2024, zote zikiyataka makampuni makubwa yachunguze madhara yanayotendwa na wale wanaoyauzia. Lakini wino wa sheria ya Ulaya haujakauka vizuri, na tangu mwaka 2025 wakubwa wa huko wamekuwa wakiiahirisha na kuipunguza makali, kwa kuwa wafanyabiashara wamelalamika juu ya gharama.

Tena mkataba wa majengo haukugusa bei. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, wanunuzi wa kigeni walifuta au kusimamisha oda zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 3, kwa mujibu wa chama cha wenye viwanda vya nguo cha Bangladesh. Nyingi zilikuwa nguo zilizokwisha kushonwa, au ambazo vitambaa vyake vilikwisha kununuliwa. Mikataba ya ununuzi ilikuwapo, tena ya maandishi, ila iliandikwa na upande wenye nguvu, ukijiwekea mlango wa kutokea. Mwishoni mwa mwaka 2023 mshahara wa chini ulipandishwa ukawa taka 12,500, baada ya maandamano yaliyoua watu. Wafanyakazi walikuwa wameomba 23,000. Hapo ndipo tunapoiona tena hekima ya aya ile kumtaka mwenye kudaiwa atamke deni lake kwa uadilifu na asipunguze chochote. Hapa mwenye kudaiwa ndiye mnunuzi, na yeye ndiye aliyeshika kalamu. Ila kalamu yake imetamka haki zake na kuyanyamazia madeni yake.

Nguo hizo zinatufikia. Nendeni Karume mjini Dar es Salaam, au Gikomba mjini Nairobi, mfunue kola za mashati ya mitumba. Mara nyingi mtakuta jina la Bangladesh. Huenda baadhi yetu tuliokaa hapa tumelivaa jina hilo shingoni. Hatuwaambii myavue. Mshonaji wa Savar hakutuomba tuache kununua. Alichoomba ni kazi katika jengo lisiloanguka, na malipo yanayotosha. Lakini nanyi wenye maduka, mnaoagiza mali kutoka Guangzhou na Dubai, na mnaojadiliana bei mpaka shilingi ya mwisho, mkumbuke kwamba kila bei inayoshushwa kupita kiasi kuna mahali inapochukuliwa, na mara nyingi huchukuliwa kwa yule asiyekuwapo mezani.

Na tusiishie kwenye maduka. Ni wangapi kati yetu wana msichana wa kazi nyumbani ambaye mshahara wake umeandikwa mahali popote? Ni wangapi wana dereva, mlinzi au kijana wa dukani, ambaye akiumia tutamchangia? Tutamchangia, bila ya shaka. Sisi ni watu wakarimu. Lakini je, anajua tangu leo kile anachotudai?

Tumalizie habari ya fundi. Baada ya majuma matatu kamati ilikutana, na majadiliano yalikuwa makali kuliko tulivyotazamia. Mmoja wetu, mzee tunayemheshimu sana, alisema tukianza kuandika mambo kama haya tutakuwa tumeutoa udugu katika kazi ya msikiti. Alijibiwa kwamba udugu haukuuzuia ubao kuoza. Mwishowe iliandikwa karatasi, na yaliyoandikwa tuliyatamka sisi tunaodaiwa: kwamba ubao ulikuwa wetu, kwamba fundi atalipwa ujira wake wa kila siku mpaka daktari aseme anaweza kufanya kazi, na kwamba gharama za mguu huo ni juu ya kamati hata kama zitaendelea baada ya madrasa kwisha. Mashahidi wawili walitia saini.

Tulimpelekea nakala yake. Mwanawe mkubwa alimsomea polepole, mara mbili. Fundi aliomba kalamu. Tulidhani anataka kutia saini, lakini alimrudishia kijana karatasi akamwambia aongeze mstari mmoja chini: kwamba kabla ya fundi mwingine yeyote kupandishwa kwenye jukwaa lile, mbao zote za stoo zikaguliwe, na anayezikagua awe fundi, asiwe mtu wa kamati. Tuliusoma mstari ule, tukautia saini nao.